Sauti ya mtafiti chipukizi: mwongozo kutoka Malindi

Makala ya utafiti wetu wa mikoko niliisoma kwa simu, nimekaa kwenye gati la Malindi nikingoja mashua. Ilikuwa na majina sita. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye mikoko ya mdomo wa mto Sabaki miezi kumi na minne, bamvua kwa bamvua, yaani kila maji yalipojaa na kupwa sana, nikipima miti huku tope limenifika magotini. Nikatafuta jina langu juu, sikuliona. Nikashuka mpaka chini kabisa, kwenye shukrani, nikakuta maneno mawili matatu tu: wasaidizi wa nyanjani.

Sitautaja mradi ule wala aliyeuongoza. Miaka imepita na tulishasemezana. Lakini siku ile nilijua nilipokosea: sikuwa nimeuliza chochote mwanzoni. Niliona haya. Nilidhani mkubwa anaijua haki yangu na atanipa wakati ukifika.

Nawaandikia walio pale nilipokuwa: vijana wa Malindi, Watamu, Mambrui, Ngomeni na Lamu wenye digrii ya kwanza au ya pili, wanaofanya kazi za mkataba kwenye miradi ya bahari, misitu, afya au mambo ya kale. Nawaandikia pia wanaowasimamia, na sehemu yao iko mwishoni. Sayansi si jambo geni pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya inaadhimisha uhuru wake. Mwaka 1968 Malindi na Watamu zilikuwa zimeshapata hifadhi za kwanza za bahari nchini. Tumepimwa na kuandikwa zaidi ya nusu karne. Ninachokiona kimepungua ni majina ya watu wa hapa juu ya maandishi hayo, na kauli yao kuhusu nini kipimwe na kwa nini.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya bamvua ya kwanza

Ukishaanza kuchukua data bila kukubaliana, utakuwa unajadiliana na mtu ambaye tayari anacho anachokitaka. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya kuingia majini, na yaandikwe. Si lazima uwe mkataba wa wakili. Barua pepe moja inatosha, hata ujumbe wa WhatsApp, mradi kuna jibu.

Uliza mambo haya. Kazi yangu inaanzia wapi na kuishia wapi? Data itahifadhiwa wapi, na nitaruhusiwa kuitumia kwa tasnifu yangu? Makala zikiandikwa, nani atakuwa mwandishi na kwa kigezo gani? Nani atawasilisha matokeo mkutanoni? Wenyeji wa mahali tunapopima watarudishiwa nini, na lini? Uliza pia kama kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kimeshatoka na, mkifanya kazi ndani ya hifadhi ya bahari, kama ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, ipo. Ukisimamishwa ufukweni, atakayeulizwa ni wewe.

Suala la uandishi nitalikalia kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapopotezwa. Majarida mengi hufuata vigezo vinne vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE. Mwandishi ni mtu aliyechangia kwa uzito katika wazo la utafiti, au katika kukusanya data, au katika kuichambua. Akashiriki kuandika makala au kuihakiki kwa kina. Akaidhinisha toleo la mwisho. Na akakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Vyote vinne vinahitajika. Hapa ndipo kijana anapoambiwa, "Wewe ulikusanya data tu, hukuandika." Ni kweli hakuandika, lakini hakuandika kwa sababu hakuitwa. Vigezo hivyohivyo vinasema kila aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kuhakiki na kuidhinisha. Sentensi hiyo ijue kwa moyo. Maana yake ni kwamba kumfungia mtu mlango wa kuandika, kisha kusema hastahili kwa sababu hakuandika, ni kinyume cha kanuni yenyewe.

Uelewe na upande wa pili. Kupewa posho na kubeba mkanda wa kupimia hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Ukitaka jina juu, ujue utasoma rasimu saa tano za usiku na utajibu maswali ya wahakiki, wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, mwaka mmoja baadaye, mkataba ukiwa umeshakwisha.

Mimi siku hizi huanza hivi:

"Daktari, shikamoo. Nashukuru kwa nafasi ya kujiunga na mradi. Kabla hatujaanza Jumatatu, naomba tukubaliane mambo machache ili niyajue majukumu yangu vizuri. Ningependa kushiriki kuandika makala itakayotokana na data ya Sabaki, na niko tayari kuandaa rasimu ya sehemu ya mbinu na majedwali. Naomba pia kujua data itahifadhiwa wapi. Ukiona inafaa, nitayaandika tuliyokubaliana kwenye ukurasa mmoja nikuletee."

Maneno hayo yana adabu yote anayostahili mtu mzima, na yanasema unachotaka bila kuzunguka. Angalia kwamba ombi limefungwa na kazi: naomba nafasi, na hiki ndicho nitakachofanya. Tangu nianze kuandika hivi sijawahi kujibiwa vibaya. Mmoja alinijibu kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameshalifikiria jambo hilo.

Hatua ya 2: Daftari la nyanjani

Sauti yako mkutanoni itategemea ulichoandika ukiwa umelowa. Tumia penseli, maana wino ukiguswa na maji ya chumvi hutiririka. Juu ya kila ukurasa weka tarehe, saa, hali ya maji (yanakupwa au yanajaa, bamvua au maji mafu), mahali kwa jina ambalo wenyeji wanalitumia na kwa nambari za GPS, jina la aliyepima na jina la aliyeandika. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka. Usifute.

Mti uandike kwa majina yake yote mawili: mchu, Avicennia marina, mkandaa, Ceriops tagal, mlilana, Sonneratia alba. Ukiwa Lamu, ongeza safu ya tatu. Mkataji wa mikoko akiutazama mti atakwambia ni fito, pau, mazio au boriti, na kila jina ni kiwango cha unene kinachojulikana na kila fundi wa nyumba na kila mwenye jahazi. Mtafiti mgeni atapima kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3 na kuishia hapo. Wewe ukiwa na safu zote mbili, unaweza kumwambia kwenye msitu huu boriti zimebaki ngapi, na hilo ndilo swali ambalo Lamu wataliuliza.

Jioni, kabla ya kuoga, piga picha kila ukurasa na uzihifadhi mahali pawili, kwa namna mliyokubaliana.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza. Katika mradi uliofuata ule wa kwanza, ploti yetu ya saba, yaani kipande cha msitu tulichokuwa tunapima, ilikuwa na michu kumi na mmoja iliyokauka ikiwa imesimama. Kwenye kikao cha kuchambua data, mwenzetu mmoja mkubwa alisema ploti hiyo iondolewe, inaharibu wastani. Alikuwa Nairobi, sisi tuko Malindi, tunaonana kwenye skrini. Nikafungua daftari nikasoma nilichoandika siku ile: "Mchanga mpya. Mizizi ya pumzi haionekani. Nimechimba, ipo chini, kina cha kiganja." Mchu hupumua kwa mizizi ile inayochomoza topeni kama vidole. Ikifunikwa na mchanga, mti hukosa hewa na hufa polepole ukiwa wima. Hivyo ndivyo mikoko mingi ya Mwache, kule Mombasa, ilivyokufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mito ilipoleta tope. Na Sabaki huleta tope. Mtu yeyote wa Malindi anajua rangi ya maji ya ghuba yetu mto ukifurika. Ploti ya saba haikuondolewa, ikapewa aya yake. Nisingekuwa na mistari ile minne ya penseli, ningekuwa na nini cha kusema? Ningesema "nadhani", na mkubwa angesema "nadhani" yake, na tunajua ipi ingeshinda.

Hatua ya 3: Jina moja

Hili ni fupi lakini lisirukwe. Majina yetu yana vurugu zake. Binti mmoja anaandikwa Fatma Ali Omar kwenye kitambulisho, Fatuma A. Omar kwenye cheti cha shule, na F. Ali kwenye makala ya kwanza. Kijana wa Kigiriama anaanza kama Charo Kazungu, akimaliza chuo ni Kazungu Charo. Kwenye mitambo ya kutafuta makala, hao ni watu tofauti, na kazi zao zimetawanyika.

Chagua muundo mmoja leo na uutumie maisha. Kisha fungua nambari ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni. Ni bure, ina tarakimu kumi na sita, na inafuata mtu popote aendako hata akibadilisha kazi au jina. Iweke chini ya barua pepe zako. Jarida likitumia orodha ya CRediT, ile inayogawa kazi ya makala katika majukumu 14 kuanzia wazo na ukusanyaji mpaka utunzaji wa data na uandishi wa rasimu, hakikisha majukumu yako yote yametajwa kabla makala haijatumwa.

Hatua ya 4: Peleka matokeo bandani kabla ya kuyapeleka hotelini

Vijana wengi hukimbilia mkutano mkubwa kwanza. Mimi nasema anza ufukweni, na si kwa sababu ya wema tu. Wasikilizaji wakali zaidi niliowahi kupata walikuwa Mayungu, kwenye banda la BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wamekaa juu ya magaloni.

Nilikuwa nimekwenda na chati moja iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa, inayoonyesha samaki wa malema, mitego yao ya samaki: tafi, changu, pono. Nikaeleza vizuri, kwa Kiswahili, nikaona vichwa vinatikisika. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu hakuinua hata macho. Akasema, "Mwanangu, siku zako hizi zote ni za kaskazi." Nikatazama miezi chini ya chati: Desemba, Januari, Februari, Machi. Alikuwa amesema kweli. Wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, bahari inachafuka, wenye vyombo vidogo hawatoki nje ya miamba, malema hutegwa kwingine na samaki wanaoingia ni wengine. Chati yangu ilikuwa inazungumzia msimu mmoja tu na mimi nilikuwa nasema "Mayungu". Miezi ile ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe na sikuiona.

Tukaongeza miezi ya kusi. Jina la mzee liliingia kwenye shukrani, kwa ridhaa yake na kwa jina lake kamili. Na niliposimama mbele ya wakubwa wa mradi kuomba fedha za miezi minne zaidi, sikusema naona. Nilisema wavuvi wametuonyesha pengo, na pengo lenyewe ni hili. Fedha zilipatikana. Sauti ya kijana huzidi uzito akisimama na watu nyuma yake.

Namna ya kuandaa kikao kama hicho: pitia kwa mwenyekiti wa BMU, usimvuke. Omba wakati samaki wameshauzwa, na usichague Ijumaa mchana. Dakika ishirini za maelezo zinatosha, chati moja, bila projekta. Kiswahili, na mtu wa kufasiri kwa Kigiriama kama wapo wazee wanaokipenda zaidi. Kaa na mama karanga peke yao, siku nyingine au saa nyingine. Wao ndio wanaonunua samaki wadogo kila siku na kuwakaanga, wanajua ukubwa wa samaki umebadilika tangu lini, na mbele ya wanaume wengi watanyamaza. Andika maswali yote waliyouliza, hata yale uliyoshindwa kujibu. Hayo ya mwisho ndiyo mada za utafiti wako unaofuata.

Hatua ya 5: Kusema mbele ya wakubwa

Tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo anasikiliza. Sioni haja ya kuyatupa malezi hayo. Lakini kunyamaza na heshima si kitu kimoja, na lugha yetu ina njia nyingi za kupinga bila kumvunjia mtu uso. "Naomba kuongezea alipoishia mwalimu." "Nakubaliana kuhusu Watamu. Kwa Sabaki nilikuta tofauti, naomba nionyeshe." "Nina swali linalonitatiza, labda nimekosea kuhesabu." Kisha weka namba mezani. Ukianza hivyo, hakuna anayeona umemvaa mzee, na namba itafanya kazi yake.

Jiandae kwa mambo matatu tu: kitu kimoja ulichokiona, namba moja, ombi moja. Mfano: "Malema ya miezi ya kusi hayamo. Tuna miezi minne kati ya kumi na miwili. Naomba tuongeze safari nne." Sema mapema, kwenye robo ya kwanza ya kikao. Kadiri unavyosubiri, moyo unazidi kudunda na mada inazidi kusogea mbali. Ukijua una jambo kubwa, liombee nafasi kwenye ajenda siku mbili kabla, kwa maandishi, kwa sababu lililo kwenye ajenda huandikwa kwenye kumbukumbu, na lililoandikwa kwenye kumbukumbu huulizwa kikao kijacho.

Mikutano ya mtandaoni ina shida zake kwetu. Umeme unakatika, bando linaisha. Mwambie mwenyekiti mwanzoni kwamba sauti ikikatika utaandika hoja yako na unaomba isomwe. Na kama Kiingereza kinakubana, andika sentensi yako ya kwanza na uisome. Ya pili itakuja yenyewe. Ukiwa kwenye kikao ambacho wote wanasikia Kiswahili, omba kusema Kiswahili. Nimeona hoja nzuri nyingi zikifa kwa sababu mwenyewe alikuwa anatafuta neno.

Hatua ya 6: Maamuzi ya umma

Jumuiya ya watafiti haiishii kwenye majarida. Maamuzi kuhusu bahari na misitu yetu hufanywa kwa karatasi zilizowasilishwa kwa wakati, na vijana wenye data wanaweza kuwasilisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inautaja uhuru wa utafiti wa kisayansi ndani ya uhuru wa kujieleza. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu ukiomba kwa maandishi. Ripoti ya athari kwa mazingira ikitangazwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, tangazo huwaalika wananchi watume maoni kwa maandishi ndani ya siku 30. Zihesabu siku hizo tangu tangazo linapotoka, si tangu ulipolisikia.

Watu wa Lamu wameonyesha kwamba karatasi hizi zina nguvu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019, jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Maoni yako yasizidi kurasa mbili. Jitambulishe. Sema ulipima nini, wapi, mara ngapi na miezi gani. Sema data yako haisemi nini. Hilo huwafanya waamini inayosema. Taja kinachoombwa: sehemu hii ya mpango ibadilishwe hivi. Kabla ya kutuma, amua kama unasema kama raia au kwa niaba ya mradi. Kama ni kwa mradi, pata ruhusa. Kama ni raia, andika hivyo waziwazi na utumie data iliyokwisha kutangazwa au iliyo yako.

Hatua ya 7: Usiwe peke yako

Kwa watu wa bahari, mlango wa kwanza ni WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Bahari Hindi ya Magharibi, yenye makao Zanzibar tangu miaka ya tisini. Huandaa kongamano la kisayansi kila baada ya miaka miwili, na kuna mtandao wa wanasayansi chipukizi wa ukanda huu, WIO-ECSN. Kwa upande wa dunia, kuna Global Young Academy iliyoanzishwa mwaka 2010, yenye wanachama wasiozidi 200 wanaohudumu miaka mitano mitano. Ikiwa bado hujafika huko, fuatilia wanayoyaandika kuhusu namna vijana wanavyopimwa na kupandishwa vyeo.

Lakini kilichonisaidia mimi zaidi ni watu watano. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, mmoja analeta rasimu, wengine wanaisoma palepale kwa kalamu nyekundu. Wawili ni wa bahari, mmoja wa misitu, mmoja muuguzi anayefanya utafiti, mmoja wa mambo ya kale. Yule wa mambo ya kale ndiye anayeuliza maswali magumu, kwa sababu hajui tunayoyachukulia kuwa ya kawaida.

Siku moja utaalikwa kwenye kamati kama "mwakilishi wa vijana". Kabla ya kukubali uliza: nitapiga kura? Nitapewa nyaraka siku ile ile wanayopewa wengine? Nauli na malazi ni juu ya nani? Majibu yakiwa hapana, hapana, na juu yako, unaitwa kupamba picha. Unaweza kukubali bado, lakini omba kwa maandishi kura iongezwe kipindi kijacho.

Mambo yakiharibika

Anza na mazungumzo ya ana kwa ana, ukiwa na makubaliano yako na daftari mkononi. Ikishindikana, andika kwa mratibu wa mradi, kisha kwa ofisi ya utafiti ya chuo au taasisi. Ukimwandikia mhariri wa jarida, ujue kwamba kwa mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, mhariri kwa kawaida haamui nani ni mwandishi, bali hulirudisha suala kwa taasisi. Kwa hiyo ushahidi wako uwe umepangwa kwa tarehe. Usianzie Facebook. Tafuta mtu mzima mmoja asiye kwenye mradi akusomee barua kabla ya kuituma, maana barua iliyoandikwa kwa hasira ya siku ya kwanza humgeuza mwenye haki kuwa mkosa adabu.

Kwa mnaowasimamia

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti anayekuja Malindi na mashine na fedha za mradi ni mgeni wa namna hiyo, awe ametoka Ulaya au Nairobi. Mwaka 2022 watafiti kutoka mabara yote walikutana Cape Town kuhusu maadili ya utafiti, na kutokana na kongamano lile likatolewa tamko la kudai usawa katika ushirikiano kati ya nchi tajiri na nchi kama yetu. Lisomeni. Ila mengi ya kufanya hayasubiri tamko.

Wekeni nauli ya kijana kwenye bajeti tangu pendekezo linapoandikwa. Mkutano ukifika, pesa za ziada huwa hazipo, na anayebaki nyumbani siku zote ni yule aliyechimba. Kikaoni, anzeni mjadala kwa aliye mdogo zaidi. Mkubwa akishatoa kauli yake, wengine watakubali tu, na kitu walichokiona topeni kitabaki topeni. Mpeni kijana awasilishe, nanyi mkae viti vya mbele. Akiulizwa swali, msimjibie. Mpeni muda afikiri. Kimya cha sekunde tano hakijawahi kuua mtu.

Msimwite "msaidizi wetu" mbele ya wageni. Ana jina.

Na liko moja ambalo watu hawalisemi. Jarida linakutumia makala uihakiki, huna nafasi, unampa mwanafunzi wako. Anasoma siku nne, anaandika kurasa tatu za maoni, unazituma kwa jina lako. Mhariri hajui kijana huyo yupo, na hatamwita tena. Kabla ya kumpa makala, mwandikie mhariri mistari miwili: naomba ruhusa nihakiki pamoja na mwenzangu fulani, hii hapa ORCID yake, na naomba jina lake liwekwe kwenye orodha yenu ya wahakiki.